Ziwa Victoria: wageni wanapogeuka wenye nyumba

Mkazi wa Mwanza au Dar es Salaam anapoagiza samaki wa Ziwa Victoria, aghalabu huletewa sangara au sato. Wote wawili ni wageni ziwani humo. Walipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa nia ya kuongeza kitoweo.

Ziwa hilo lilikuwa makao ya aina zipatazo 500 za furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawapatikani kwingineko duniani. Sangara, mla nyama anayeweza kukaribia urefu wa mita 2, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na inakadiriwa kuwa aina 200 hivi za furu zilitoweka. Haki itendeke: hakuua peke yake. Furu huchagua wenza kwa rangi. Maji yalipochafuliwa na taka za miji na udongo wa mashamba, rangi hazikuonekana tena na aina zikachanganyika.

Ngege, samaki wa asili, alisukumwa kando na sato. Leo amejificha katika maziwa madogo ya jirani, mfano Kanyaboli nchini Kenya.

Hakuna serikali itakayomwondoa sangara, kwani minofu yake huuzwa Ulaya na hulisha maelfu ya familia. Kinachoweza kuokolewa ni hayo maziwa madogo. Hata hivyo, ufugaji wa sato unazidi kuenea, na mafuriko moja yatosha kuvusha vifaranga kutoka bwawani.