Kichaa cha mbwa: anayeumwa ndiye anayelipa

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa mtu wa Mombasa kuacha habari za bandari na bei ya unga akaja kukusimulia mbwa wa Kitale. Nitajieleza. Dada yangu ameolewa huko zaidi ya miaka kumi sasa, na safari hii nilikaa kwake wiki tatu. Nyumba ya pili kutoka kwake pana kliniki ya wanyama: chumba kimoja, meza ya bati, mizani, friji ndogo ya chanjo na benchi la mbao kibarazani. Kila asubuhi nikitoka kutafuta chai nilikuta foleni. Paka ndani ya katoni, mbwa kafungwa kamba ya katani, siku moja hata kuku kapakatwa na bibi kizee.

"Daktari, huyu mbwa hakuli," mama mmoja akasema. (Sisi wa pwani tungesema "hali", lakini mbwa mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa lahaja zote mbili.)

Nilizoea kuketi pale, daktari akiwa na nafasi tukazungumza. Malalamiko yake makubwa hayakuwa pesa, ingawa pesa ni kidogo. Alilalamika kwamba wengi huja wakiwa wamechelewa, baada ya kupita dukani kwa agroveti na kwa jirani anayejua kila kitu. Paka akipata homa anapewa panadol ya watu, na panadol ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mbwa mwenye kupe anaogeshwa kwa dawa ya ng'ombe iliyokorogwa kwa makisio, na paka wa nyumba hiyo naye anapakwa kidogo "asikose". Sumu ya panya inawekwa ghalani kwenye mahindi, panya anakufa, paka anamla panya. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na paka kule ni mlinzi wa ghala. Ukimuua umejiongezea panya wa msimu ujao.

Nilimuuliza kuhusu watoto wa mbwa, maana siku mbili mfululizo niliona wakiletwa wakitapika na kuharisha damu. Akasema ni parvo, na akifikishwa katika hali ile kazi huwa ngumu. Chanjo ipo, huanzwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa. Dawa ya minyoo nayo huanza mapema zaidi, na hiyo si kwa faida ya mbwa peke yake: minyoo ya mbwa humwingia mtoto anayecheza mchangani.

Hapa niseme jambo moja la sheria, kwa sababu watu wengi hawalijui. Tangu 2011 Kenya ina sheria inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na wote hao hupaswa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta ya agroveti anaweza kuwa mmoja wao, na anaweza asiwe. Una haki ya kumuuliza cheti kabla hajamdunga mnyama wako sindano.

Mpaka hapo ningerudi Mombasa na hadithi za paka tu. Lakini wiki ya pili tuliteremka Bungoma, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye, kumzuru wifi ya dada yangu. Tukamkuta mwanawe wa miaka tisa amefungwa bendeji mguuni. Aliumwa na mbwa akienda shule.

"Shemeji, tulimwagia mafuta ya taa, halafu tukaweka pilipili," mama yake akaniambia. Hakufanya kwa ujinga. Ndivyo alivyofanyiwa yeye na mama yake. Kumbe dawa ya kwanza ilikuwa pale pale bombani: sabuni na maji yanayotiririka, kuosha jeraha kwa dakika 15, kisha kukimbilia chanjo siku hiyo hiyo. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Muda huo ndio nafasi ya kumwokoa mtu. Dalili zikishaanza, karibu hapana anayepona.

Siku ya pili wakaenda hospitali ya umma, ambayo sitaitaja. Chanjo hakuna. Wakaandikiwa karatasi wakanunue nje. Dozi ya kwanza, kwa maneno ya mama yule, ilizidi pesa ambazo zingemchanja mbwa aliyemuuma mwanawe kwa miaka mitano, na bado zilibaki dozi nyingine, kila moja na nauli yake. Mwenye mbwa aliitwa akakana: "Si wangu, hula tu hapa." Mbwa alikuwa ameshapigwa mawe na kutupwa, kwa hiyo hakuna kilichopelekwa maabara kuthibitisha kama alikuwa na kichaa au la. Mtoto ikambidi adungwe zote.

Nimerudi nikajiuliza: mbona chanjo ya mbwa, iliyo rahisi, haipewi fungu, halafu chanjo ya mtu, iliyo ghali, inaachiwa mzazi?

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale palipoorodheshwa kazi za kaunti. Utakuta huduma za mifugo zimewekwa ndani ya huduma za afya za kaunti, orodha moja na hospitali, ambulensi, makaburi na uzoaji taka. Leseni za mbwa nazo zimetajwa waziwazi kuwa kazi ya kaunti. Walioandika waliona kwamba ugonjwa wa mnyama na wa mtu ni jirani. Lakini katika utekelezaji, daktari wa mifugo kwa kawaida hukaa katika idara ya kilimo na mifugo, na katika nchi ya maziwa kama Bungoma na Trans Nzoia, idara hiyo itamtazama ng'ombe kwanza: ugonjwa wa miguu na midomo, kimeta, homa ya mapafu. Silaumu. Ng'ombe analeta pesa. Mbwa halipi kodi wala hakamwi, basi anakuwa wa mwisho. Idara ya afya kwa upande wake humkuta mbwa akiwa ameshauma. Hasara iko katika kitabu cha idara moja, na kinga iko katika kitabu cha idara nyingine, na hakuna anayesukumwa kuhamisha shilingi.

Wala si kwamba hatujui la kufanya. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huu kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mbwa, karibu na Nairobi, mwaka 1912. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030, na Makueni na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba unaua hadi watu 2,000 kwa mwaka nchini. Wengine wanasema ni wachache kuliko hapo. Karibu wote wameumwa na mbwa. Kanuni yenyewe ni ya hesabu: ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, virusi hukosa pa kukimbilia.

Wanaodhani ni ndoto ya Wazungu watazame Pemba. Kule mbwa walichanjwa kwa kampeni kuanzia 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ukatoweka kisiwani. Chanjo zikalegea, mwaka 2016 ukarudi. Wakachanja tena, na 2018 ukatoweka mara ya pili. Pemba, ndugu zangu, ambako mbwa hapendwi kuliko hapa kwetu.

Najua tunavyosema huku pwani: mbwa ni najisi, hatufugi, hayatuhusu. Mate ya mbwa kuwa najisi hayamzuii kumuuma mtoto wa madrasa alfajiri. Na tukisema ukweli, mbwa wa majaani wapo kwa sababu takataka zetu zinawalisha. Kuwatilia sumu tumeona kukifanywa miji mingi. Wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na wengine kutoka nje ambao hawajachanjwa, na mtaa unaanza upya. Tena mila ya kuwatunza wanyama tunayo. Lamu kuna kliniki ya punda tangu 1987, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hiyo wakati wa vikao vya bajeti ya kaunti ukifika, mimi nitakuwa na swali moja kwa mwakilishi wangu wa wadi: ziko wapi pesa za chanjo ya mbwa, na ziko katika idara gani? Akinijibu "mifugo" nitamuuliza afya wanachangia ngapi. Akinijibu "afya" nitamuuliza daktari wa mifugo atalipwa na nani siku ya kampeni. Kliniki kama ile ya Kitale zingeweza kupewa chanjo ya kaunti zikadunga kwa ada ndogo. Friji wanayo, watu wanawaamini, na watoto wa mtaa tayari huwaburuta mbwa wao mpaka pale kwa kamba.

Juzi mama wa Bungoma alinipigia simu. Mtoto amemaliza sindano ya mwisho, amerudi shule. Katika boma la yule jirani aliyekana wamebaki mbwa wawili, na mmoja amezaa. Hawajachanjwa.