Saratani ya Kibofu Si Urithi wa Ukoo

Mzee akifa kwa saratani ya kibofu cha mkojo, kisha mwanawe naye akaanza kukojoa damu ukubwani, majirani hukata shauri: ile ni ya ukoo, iko kwenye jeni. Kauli hii inataja jeni, lakini haizielewi.

Baba na mwana hawakushiriki damu tu. Walilima mpunga katika maji yale yale, wakaoga katika mifereji na madimbwi ya bonde la Mto Tana, Kenya, ambamo konokono wa kichocho huzaliana. Mnyoo wa kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Baadhi ya mayai yake hutoka na mkojo; mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuujeruhi miaka na miaka. Tangu mwaka 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuhesabu mnyoo huu kuwa kisababishi kilichothibitika cha saratani.

Jeni zinahusika, lakini si kwa njia ya urithi inayodhaniwa. Seli ya kibofu na seli ya jicho zina jeni zile zile. Tofauti ni jeni zipi zinasomwa, na kwa kiasi gani. Miongoni mwa wasimamizi wa usomaji huo ni mikroRNA, vipande vya RNA vya herufi 22 hivi. Hushika RNA inayobeba maagizo ya jeni na kuyazuia yasitekelezwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun waligundua mikroRNA ya kwanza katika mnyoo mdogo wa udongoni, wakachapisha mwaka 1993 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mojawapo ya mikroRNA, miR-21, huzidi katika saratani nyingi, ya kibofu ikiwemo, na huizima PTEN, jeni inayozuia seli zisizaliane ovyo. Jeni yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa, ila imenyamazishwa. Hata jeni zinapoharibika kweli, mara nyingi huharibika humo humo kibofuni, si tumboni mwa mama.

Saratani za kurithi zipo, kama baadhi ya zile za matiti na ya jicho kwa watoto. Lakini anayeambiwa yake ni ya ukoo haoni sababu ya kutafuta dawa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua mnyoo. Saratani iliyokwisha kuota haiing'oi, kwa hiyo dawa inatakiwa mapema. Ugawaji wake umeelekezwa zaidi kwa watoto wa shule. Wakulima wa mpunga na wavuvi wa Garsen, katika bonde hilo la Tana, wanaoshinda majini, nao wapewe, na mtu mzima anayekojoa damu apimwe kibofu hata kama ukoo wake haujawahi kuugua.