Lami Sio Usafiri

Hebu tuulizane, vijana wa Mombasa. Kiongozi akisema "tumewaletea maendeleo", anakuonyesha nini? Lami. Haya, lami tumeiona. Lakini saa kumi na moja alfajiri, ukiwa Shika Adabu na kibarua chako kiko Changamwe, nani atakubeba juu ya hiyo lami?

Mwaka 2009 tulihesabiwa 939,370. Mwaka 2019 tukafika 1,208,333. Karibu watu 269,000 wameongezeka kwa miaka kumi, na wengi wao wako ng'ambo ya kisiwa: Kisauni, Likoni, Jomvu, Changamwe. Lakini hospitali kuu ya Makadara bado iko kisiwani. Mahakama, benki na ofisi kubwa, kisiwani. Watu wamehamia huku, huduma zimebaki kule. Hapo kati ndipo tunapoumia.

Mtu wa Likoni anaijua feri vizuri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imepakia kupita kiasi, watu 272 wakafa. Sasa tuna barabara ya Dongo Kundu, sawa. Inamfaa mwenye gari na mwenye lori. Lakini wewe unayetembea kwa miguu kutoka Mtongwe, uende mpaka Miritini ndio urudi tena mjini? Kwa nauli ya nani?

Na usimalizie hasira zako kwa makanga. Makanga ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Matatu hufuata kwenye abiria wengi, haifuati kwenye shida nyingi. Ndio maana saa nne usiku, dada anayetoka kazini Nyali anasimama steji peke yake, na bodaboda anamtajia bei anayotaka. Ndio maana mwenye kiti cha magurudumu anapitwa na gari tatu, nne, kila mmoja akijifanya hakumuona.

Hilo pengo ni kazi ya serikali, na serikali yenyewe ishatajwa. Soma Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Kazi za kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, hata feri. Maegesho wanayakumbuka kila asubuhi kwa sababu yana pesa. Usafiri wa umma je? Umewahi kupanda basi la kaunti? Na Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Haki, sio huruma ya dereva.

Utaambiwa "hatuna takwimu". Basi tuwape. Barabarani huhesabiwa magari yaliyopita. Nani anamhesabu aliyeachwa steji? Nani anamhesabu mama aliyeahirisha kliniki kwa kukosa nauli ya gari mbili?

Kazi hiyo tuifanye sisi. Chukueni daftari, watu watano kila mtaa, wiki moja tu. Andikeni: steji gani, saa ngapi, mtu anaenda wapi, amengoja dakika ngapi, nauli ilikuwa ngapi na ilipanda lini, nani aliachwa na kwa nini. Mkusanye, mtie sahihi, mpeleke bunge la kaunti kama ombi rasmi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki hiyo. Na msingoje mpaka bajeti ipite. Makadirio hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo karatasi yenu itangulie, na siku ya maoni ya umma mjae ukumbini mkiwa na nakala mkononi.

Kulalamika ndani ya matatu tumeshalalamika miaka. Makanga anatusikia, lakini sio yeye anayepanga bajeti. Wiki hii anza na steji yako.