Nishani ya Ofisa na Boma la Kasanga



Vijana wetu wa chuoni hapa Sumbawanga, waliporejea kutazama magofu ya boma la Wajerumani huko Kasanga, walituuliza: yule ofisa wa Kiingereza aliyefika pale kwa njia ya ziwa alipewa nishani kwa lipi? Swali ni jema.

Ofisa huyo ni Geoffrey Spicer-Simson, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1876. Mwaka 1915 jeshi la maji la Uingereza lilimtuma kuleta boti mbili, Mimi na Toutou, katika Ziwa Tanganyika ili azivunje nguvu meli za Wajerumani. (Msidhani ni "mimi" yetu, ni jina la paka katika Kifaransa cha watoto, na Toutou ni la mbwa.) Zilikokotwa katika nchi ya Kongo kwa mashine za mvuke na maksai, zikavushwa milima ya Mitumba, na mbele yake Waafrika kwa maelfu wakikata njia na kujenga madaraja zaidi ya 150. Tarehe 26 Disemba 1915 akaiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Kwa hayo akapewa nishani ya D.S.O. Hatumnyimi haki yake, kazi aliifanya.

Lakini nishani haisemi habari za Kasanga, ambayo zama zile ikiitwa Bismarckburg. Mwanzoni mwa Juni 1916 alifika pale na boti zake, ilhali jeshi la Kanali Murray likija kwa nchi kavu. Akalitazama boma, akaihofia mizinga yake, akageuza. Wajerumani wakajipakia vyomboni usiku, wakaenda zao. Tarehe 8 Murray akaingia boma tupu. Wenziwe wa nchi kavu walimlaumu sana. Mwaka ule ule akarejeshwa kwao mgonjwa, wala hakupewa tena uongozi wa vita. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Sisi tuliokaa kitako kumlaumu ni rahisi. Huenda kwa kugeuza kwake roho za mabaharia wake zilisalimika, na kwa hilo hakuna nishani.

Linalotuchoma ni jingine. D.S.O. ilikuwa ya maofisa peke yao. Mpagazi aliyebeba unga na risasi kichwani, lau angalifanya ushujaa wa namna gani, mlango ule haukuwa wake. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki wanakisiwa kupita 90,000, na wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Wangapi katika hao walikuwa Waislamu, wakafukiwa kando ya njia bila ya kusaliwa! Mwenyezi Mungu ndiye awajuaye.

Basi enyi vijana, mtakaporudi tena Kasanga msipite Matai bure. Waulizeni wazee majina ya babu zao waliochukuliwa upagazi, yaandikeni pamoja na majina ya baba zao, mtuletee. Ukurasa huu utayapokea, nasi tutawaombea dua Ijumaa.