Mesaji si feza



Mwisho wa mwezi ni wakati wa likelemba na wa kulipa masomo ya watoto. Siku hizo feza nyingi inapita kwenye simu zetu, na wezi wanalijua jambo hilo. Juma hili tuone namna ya kutenganisha mesaji ya kweli ya kampuni na mesaji ya mwizi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza unga sokoni. Yeye ndiye mtunza feza wa kikundi, na kwenye simu yake kuna 200 000 FC za likelemba. Mesaji inaingia: «Umepokea 150 000 FC. Salio mpya: 187 300 FC.» Mara moja mtu anapiga simu, sauti ya kilio: «Mama yangu, nimekosea namba! Ile ni feza ya hospitali ya mtoto. Nirudishie 140 000, zingine ubaki nazo.» Mama anamhurumia, anatuma. Jioni anagundua kwamba zile 150 000 hazikuingia kamwe. Alichotuma ni feza ya wenzake.

Sasa turudi kwenye ile mesaji. Alikuwa na 200 000. Kama kweli angepokea 150 000, angekuwa na 350 000. Mwizi haoni konti yako, kwa hiyo salio anayoandika ni ya kubuni. Hesabu ndogo tu ingemfichua.

Angalia pia mesaji imetoka wapi. Mesaji ya huduma inaingia kwa jina la huduma. Ikitoka kwenye namba ya kawaida, inayoanza na 081, 082, 097, 099, 084 ao 089, hiyo ni namba ya mtu kama wewe na mimi. Lakini usitegemee jina peke yake, maana nalo linaweza kuigwa.

Uhakika uko mahali pamoja tu: fungua menyu wewe mwenyewe, uangalie salio. Kwa M-Pesa ni *1122#, kwa Airtel Money *501#, kwa Orange Money *144#. Mesaji ni maneno tu. Feza ni ile unayoiona kwenye konti yako.

Kuna wezi wengine wanaosema: «Sisi ni kampuni, umeshinda zawadi», ao «namba yako itafungwa leo». Kisha wanakuomba kode ya siri, ao wanakuambia upige namba fulani yenye nyota na kumaliza na kode yako. Shika neno hili: kupokea feza hakuhitaji kode yako ya siri. Ukiambiwa uiweke ili upokee, ujue feza iko karibu kutoka. Mfanyakazi wa kweli wa kampuni hakuombi kode hiyo. Hata kwenye kabine, iandike kwa mkono wako.

Na je, kama salio inaonyesha kweli kwamba feza ya mtu imeingia kwa makosa? Usiile, wala usiirudishe wewe mwenyewe. Mwambie aende kwenye kampuni yake, wao ndio wataigeuza. Ukiituma wewe, kisha kampuni nayo ikaitoa kwenye konti yako, utakuwa umelipa mara mbili.

Wizi huu si wa Lubumbashi peke yake. Tanzania kuna mesaji inayojulikana nchi nzima: «Ile hela tuma kwenye namba hii.» Mwizi anaitupa kwa watu wengi asiowajua. Kati yao hakosi mmoja aliyekuwa tayari kumtumia mtu feza siku ile, naye anadhani ni yule yule. Fikirini siku ya likelemba: «Namba yangu imebadilika, zamu yangu itumeni hapa.» Msitume mbele ya kupiga namba ya zamani na kusikia sauti ya mwenzenu. WhatsApp yake nayo inaweza kuibiwa, kama alimpa mtu ile kode ya namba 6 inayoingia kwa mesaji. Kwa hiyo maandishi peke yake hayatoshi.

Ukiwa umekwisha kutuma, usikae kimya kwa haya. Piga simu kwa kampuni mara moja ao nenda kwenye ofisi yao na kadi yako ya uchaguzi. Usifute mesaji, andika namba, saa na kiasi. Kila dakika ina maana, kwa sababu mwizi anakimbilia kutoa feza. Peleka mashtaka pia: tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, inayoadhibu udanganyifu wa namna hii.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kifanye zoezi. Mmoja awe mwizi, mwingine mtunza feza. Mwizi alie, aharakishe, atishe. Mtunza feza ajifunze kujibu maneno haya: «Ngoja niangalie salio kwanza.» Kisha mwende nyumbani mkafanye vile vile na nyanya na watoto wanaoshika simu. Mtu wa kweli atangoja dakika 2. Mwizi hatangoja.