Lupangu bila sertifika, benki haitatukopesha

Vijana wenzetu wa Lubumbashi na wa miji mingine,

Hadithi munaijua. Umepata nyumba ya vyumba viwili, mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi sita, na komisionere anangojea mwezi wake juu ya ile. Unamukumbusha kwamba sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi mitatu. Anacheka, anakujibu uende basi sheria ikupangishe.

Halafu wakubwa wanatuambia: vijana, acheni kulalamika, mujenge, mukope ku benki. Sawa. Tuangalie hiyo benki inafanya kazi namna gani.

Mkopo wa nyumba unahitaji kwanza muda mrefu. Tushike mfano: dola 10.000 kwa riba ya 15% kwa mwaka. Ukilipa kwa miaka 5, kila mwezi unatoa karibu dola 238. Ukilipa kwa miaka 15, ni 140. Mwishoni utakuwa umetoa zaidi ya dola 25.000, hilo tusifichane, lakini 140 kwa mwezi kuna wenye wanaweza. Shida ni kwamba falanga zenye benki inachunga ni za watu wenye wanaweza kuja kuziondoa kesho asubuhi. Haiwezi kuzifunga mu nyumba yako miaka 15. Tanzania walianzisha TMRC mwaka 2010, Kenya wakaanzisha KMRC mwaka 2018: ni makampuni yenye kutafuta pesa za muda mrefu na kuzipatia mabenki kwa ajili ya nyumba. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi twende tukajifunze. Ila hata kule, wenye kupata mkopo wa nyumba bado ni wachache.

Sababu kuna karatasi, na hapa njo kwenye maumivu yetu iko. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia tu, na haki hiyo inasimama kwa sertifika ya kuandikisha ardhi. Rehani ya benki inaandikwa juu ya sertifika hiyo hiyo. Huna sertifika, hakuna mahali pa kuandika rehani, basi hakuna mkopo. Sasa muulize kule Annexe, ni wangapi wako nayo? Watu walinunua lupangu kwa shefu wa kijiji, wakapewa karatasi yenye sahihi na kashe, wakapima kwa hatua za miguu, wakapandisha tofali kidogo kidogo kila walipopata. Siku moja mwingine anakuja na karatasi yake, lupangu ni ile ile. Benki ikiona vile inakimbia. Hata sisi tungekimbia.

Njo maana hatutaki mageuzi yenye kuanza na mfuko mkubwa wa nyumba kule Kinshasa. Mfuko huo utakopesha wenye sertifika, ni kusema wenye nyumba tayari. Watajenga nyingine, na sisi tutawalipa kodi. Na kama mkopo ni wa dola na mshahara ni wa falanga za Congo, kila falanga ikianguka deni linapanda, na rehani maana yake nyumba inaweza kuuzwa.

Kazi ianzie ku ofisi ya ardhi. Bei ya kila hatua, toka kupimisha mpaka sertifika, ibandikwe ku mlango. Lupangu zenye hazina ugomvi zipimwe pamoja, avenue kwa avenue, badala ya kila mtu kutembea na bahasha yake. Mwenye anataka kununua aruhusiwe kutazama rejista mbele ya kutoa falanga zake, si nyuma.

Garanti yenyewe haingoji mfuko wala benki. Sheria iko. Mwenye alitozwa kupita miezi mitatu achunge resi yake na apeleke malalamiko ku ofisi ya makao ya komini. Mwenye hakupewa resi aiombe leo, mbele ya mashahidi wawili.