Kwatenari: ya nne, au nne nne?

Baba mmoja wa Luofu ametuletea kaye ya mwanawe aliye katika shule ya sekondari, naye ametufungulia penye alama nyekundu. Mtoto aliulizwa: protini yenye umbo la kwatenari ni ipi? Akajibu: ni ile yenye minyororo minne. Mwalimu hakumpa hata alama moja, na kwa sababu hiyo mtoto ameanguka katika somo lile. Baba mwenyewe alitazama kamusi ya Kifaransa, akaona ya kuwa neno hilo asili yake ni nne. Basi anaona mwanawe amedhulumiwa, na anafikiri kumwondoa katika shule ile. Kabla hajafanya hivyo, tumemwomba asome habari hii.

Tuanze na Kilatini. Warumi wa kale waliita nne quattuor, na kitu cha nne kwa mpango walikiita quartus. Lakini walikuwa na neno jingine, quaterni, ambalo Wafaransa hulifasiri kwa kuzunguka, na sisi tunalisema tangu utotoni pasipo taabu: nne nne, wanne wanne. Kutoka quaterni likazaliwa quaternarius, yaani chenye vinne ndani yake. Wasomaji wetu wanakumbuka Mtume Petro alivyolindwa gerezani na vikosi vinne vya askari, kila kikosi watu wanne. Biblia ya Kilatini hutumia mahali pale neno la ukoo huohuo. Tena hata kaye tuliyoletewa imetoka humo! Kifaransa cahier ni mtoto wa quaterni, kwa maana waandishi wa zamani walikuwa wakikunja kurasa nne nne pamoja, ndipo wakazishona.

Kwa asili ya neno, basi, mtoto alikuwa na haki. Shida ilianza pale wataalamu walipolichukua neno la nne nne na kulitumia kana kwamba maana yake ni ya nne.

Mwaka 1759 Mwitalia Giovanni Arduino alipanga milima na ardhi ya nchi yake kwa daraja nne, tangu miamba ya zamani kabisa hata udongo wa nchi tambarare ulioletwa na mito. Mwaka 1829 Mfaransa Jules Desnoyers alikuta katika bonde la mto Seine tabaka za ardhi zilizo changa kuliko zile zilizokwisha kuitwa za tatu. Akazipa jina la kwatenari. Alitaka kusema ya nne, wala hakuwa na kitu chochote cha kugawanya kwa vinne.

Wasomaji wa Lubero wataelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa nne huitwa Kakule. Ukikutana na Kakule njiani, hujui kama kwao wamezaliwa watoto wanne au tisa. Wajua tu ya kuwa wametangulia Paluku, Kambale na Kasereka. Kwatenari ya ardhi ni Kakule. Na ajabu yake ni hii, kwamba kaka zake watatu wamenyang'anywa majina: katika kalenda ya leo ya wataalamu, enzi ya kwanza, ya pili na ya tatu haziitwi tena hivyo, bali ya nne imebaki. Walikuwako waliotaka kuliondoa na jina hilo pia. Walibishana miaka mingi, hata mwaka 2009 ikakubaliwa kwamba kwatenari ibaki, nayo ihesabiwe tangu miaka kama 2,580,000 iliyopita.

Mtu akisimama Kanyabayonga na kutazama chini, anaiona kwatenari kwa macho yake. Bonde lile la kuelekea Ziwa Edward limefunikwa na mchanga na tope la mito na ziwa la enzi hiyo. Volkano za Virunga nazo ni za enzi hiyo, na Nyiragongo ilimwaga moto wake tena mwaka 2021. Lakini miamba ya mlima anaokanyaga ni ya kale kupita kiasi, mara nyingi kuliko bonde. Na huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye mikato mingi, iliyochongwa kwa makundi yapata miaka 20,000 iliyopita. Wengine husema ni hesabu, wengine hukataa. Sisi tunatambua tu kwamba katika safu moja lipo kundi la mikato minne, na baada yake kundi la minane.

Turudi kwenye protini. Mwaka 1958 Mwingereza J. D. Bernal alitumia neno letu kwa hatua ya nne ya umbo lake. Hatua ya kwanza ni mpango wa vipande katika mnyororo. Ya pili, mnyororo kujisokota. Ya tatu, kujikunja wote. Ya nne, minyororo zaidi ya mmoja kushikamana. Miwili yatosha. Nadhani zetu ni kwamba mtoto alidanganywa na hemoglobini ya damu, ambayo vitabu huipenda sana kwa mfano: yenyewe ina minyororo minne kweli.

Katika kemia lakini jibu lake lingekuwa sawa. Azoti, ambayo wengine huiita naitrojeni, kwa kawaida hushika wenzake watatu. Ikishikana na wanne wa kaboni, huitwa amonia ya kwatenari, na hapo nne ni nne halisi. Dawa nyingi za kusafishia sakafu na vyombo vya hospitali ni za namna hiyo, na katika kiini cha yai imo koline, ambayo ni ya jamii hiyohiyo.

Kwa hiyo baba asimwondoe mtoto shuleni. Mwalimu hakumdhulumu. Ila kama angaliandika pembeni maneno mawili tu, "ya nne", mtoto angalilitambua kosa lake siku ileile, na mzee asingalitembea njia yote hata kwetu. Kaye tunairudisha pamoja na gazeti hili.